Biti ya CNC inakufa kwenye bodi ya tatu: tatizo ni upole wako

*"Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo hapa Moshi, Majengo. Mwaka jana nilinunua CNC, ile mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, ya futi nane kwa nne; spindo yake, yaani mota inayozungusha biti, ni ya kilowati 2.2 inayopozwa kwa maji. Kazi yangu kubwa ni milango ya makabati ya jikoni kwa MDF ya milimita 18, na mara mojamoja milango ya mninga. Biti ya milimita 6 yenye meno mawili inakata bodi ya kwanza safi, ya pili inaanza kunuka kuungua, ya tatu ukingo unakuwa mweusi na juu kunabaki manyoya. Nimepunguza mwendo hadi milimita 1500 kwa dakika, nikaacha mizunguko 24000 ili ikate laini, lakini naona ndiyo zinakufa haraka zaidi. Biti naagiza Dar, zinakuja kwa basi. Muuzaji ananiambia ninunue za bei zaidi. Je, nauziwa feki? Ninyunyizie mafuta? Nimechoka kupiga msasa kingo usiku kucha."*

Marahaba, kijana wangu.

Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu jibu umelitaja mwenyewe: umepunguza mwendo, na biti zinakufa haraka zaidi. Macho yako yameona sawa. Kilichokupoteza ni imani ambayo karibu kila seremala anaingia nayo kwenye CNC, kwamba biti ukiiendesha polepole unaihurumia. Mimi mwenyewe niliingia nayo. Mwaka wangu wa kwanza na mashine, karakana yetu hapa Arusha ilinuka kama mtu anayekaanga karanga, na nikawa nawaambia vijana kuwa hiyo ndiyo harufu ya MDF. Haikuwa harufu ya MDF. Ilikuwa harufu ya pesa yangu.

Tuanze na kinachotokea pale chini. Wewe ni seremala, unaijua randa ya mkono. Kisu chake ukikirudisha juu mno, randa inateleza juu ya ubao bila kutoa kitu. Unasukuma, ubao unang'aa, kisu kinapata moto. Ukikishusha kidogo, maranda yanatoka na kazi inaenda. Biti ya CNC ni randa hiyohiyo, ila inazunguka. Kila jino linapopita linatakiwa kumega kipande chenye unene. Likikosa cha kumega, linasugua.

Sasa tupige hesabu yako. Mizunguko 24000 kwa meno mawili ni mipigo 48000 kwa dakika. Mashine inasogea milimita 1500 kwa dakika hiyo. Gawa 1500 kwa 48000 unapata kama milimita 0.03. Hicho ndicho kila jino linachopewa kumega. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo unaliomba jino limege theluthi ya karatasi. Na jino lenyewe, hata likiwa jipya kutoka kwenye pakiti, ukilikuza sana utaona ncha yake si kali kama unavyofikiri, ina uduara mdogo. Likishatumika kidogo uduara huo unakua. Hapo ukilipa kipande chembamba hivyo, linateleza juu yake, linakibana, na jino linalofuata linafanya vivyo hivyo, mara elfu arobaini na nane kwa dakika.

Moto wa msuguano huo unaenda wapi? Kwenye kukata kuzuri, sehemu kubwa ya joto huondoka na chenga zinazoruka. Mbao na MDF ni vipitisha joto vibovu, ndiyo maana mwiko wa ugali tunauchonga kwa mbao. Kama hakuna chenga za kubeba joto na bodi haitaki kulipokea, linabaki kwenye biti. Kabaidi, kile kitu ambacho biti nzuri hutengenezwa nacho, ni punje ngumu mno zilizogandishwa pamoja kwa kobalti. Joto, pamoja na gundi iliyo ndani ya MDF, huila ile kobalti. Punje zinaanza kung'oka mojamoja, na ukingo wa jino unakuwa kama saruji iliyoliwa na mvua. Unachokiita biti kufa ni hicho.

Kuna hesabu nyingine inayouma zaidi. Kukata mita moja kwa mwendo wako, jino kwa jino, biti inapiga mara 32000. Mtu anayekata kwa mizunguko 18000 na kila jino likimega milimita 0.12 anaimaliza mita hiyohiyo kwa mipigo 8300 hivi. Yaani kwa kila mita unayokata, biti yako imefanya kazi ya karibu mara nne. Bodi yako ya tatu, kwa kipimo cha jirani anayekata hivyo, ni kama ya kumi na mbili. Ndiyo maana nasema usimlaumu muuzaji kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Shusha mizunguko hadi 18000. Kwenye inveta, lile boksi lenye namba za hezi, spindo za aina yako kwa kawaida hufika 24000 zikiwa kwenye hezi 400, kwa hiyo 18000 ni hezi 300. Usishuke sana chini ya hapo kwa kudhani umegundua siri: spindo hizi nguvu zao zinapungua kadiri mizunguko inavyopungua, na kwenye mizunguko nusu una kama nusu tu ya zile kilowati ulizonunua. Kisha chukua kipande cha MDF kilichobaki, kibane vizuri, ukate mistari mitano ya sentimita thelathini, kina cha milimita 6, kila mstari kwa mwendo wake: 2500, 3000, 3500, 4000, 4500. Mwendo wa 2500 unalipa jino milimita 0.07, wa 4500 unalipa kama 0.125. Namba unayoitafuta iko kati ya 0.1 na 0.15 kwa biti ya milimita 6 kwenye MDF, ikiwa mashine yako ina mwili wa kuistahimili. Mashine nyingine za bei nafuu zina fremu nyepesi, zikifika 3500 zinaanza kutikisika kama daladala kwenye barabara ya vumbi. Yako utaijua kwa kuisikiliza. Sauti nzuri ni mvumo mmoja mzito usiobadilika. Mlio mwembamba wa kupiga kelele maana yake jino linasugua, na kugongagonga maana yake kuna kitu kinacheza.

Halafu tumia mkono. Chota kilichotoka kwenye kila mstari ukisugue kwenye vidole. MDF haitoi maranda yale tunayowawekea vifaranga, usiyasubiri. Lakini kuna tofauti ya wazi kati ya chenga na poda: ikikatwa vizuri inatoa kitu chenye punje, ukikibana unakisikia, kama mahindi yaliyoparazwa. Ikisuguliwa inatoa unga laini kama sembe, wa moto, unaoganda kwenye nyusi. Kwenye mninga ni rahisi zaidi, kwa sababu mbao halisi inatoa maranda madogo ya kuonekana kwa macho, na ukiyakosa ujue umekosea. Mashine ikishasimama kabisa na ukiizima, gusa biti kwa ncha ya kidole. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuishika, rudi kwenye hesabu.

Kama fremu yako haiwezi kabisa kupita 2000, bado una njia. Nunua biti ya jino moja. Kwa mizunguko 16000 na mwendo wa 1900, jino hilo moja linamega karibu milimita 0.12, hesabu nzuri kabisa. Watu wanadhani meno mengi ndiyo ukataji safi. Kwenye mashine yenye nguvu na mbio, ndiyo. Kwenye mashine dhaifu, kila jino unaloongeza linawaibia wenzake chakula.

Pembeni kuna mtego. Utaandika 4000 kwenye programu, lakini mashine haigeuki kona kwa 4000. Inapunguza, inageuka, inaongeza tena, na pale inapopunguza spindo bado iko 18000. Ndiyo maana mara nyingi weusi unaanzia kwenye kona kabla haujafika kwenye mistari iliyonyooka. Ukiwa na milango yenye michoro mingi ya kujipinda, mwendo ulioandika huenda mashine haijaufikia hata mara moja. Kona za ndani zipe mviringo mkubwa kidogo kuliko biti yako ili mashine izunguke bila kusimama, na usimruhusu biti aingie kwenye bodi kwa kuzama wima kama msumari. Mwambie kwenye programu ateremke kwa mteremko, mlalo wa sentimita tatu mpaka tano. Ule mduara mweusi unaouona mahali pa kuanzia unatoka huko.

Sasa nije kwenye kitu ambacho ukikirekebisha peke yake huenda ukaona tofauti kuliko yote niliyosema: koleti. Ile pete yenye mikato inayoibana biti. Nimeona karakana inanunua biti mpya kila wiki na koleti ni ile iliyokuja na mashine, ina lami ya gundi ndani, imefunguliwa na kufungwa mara elfu moja.

Chukua biti zako zilizokufa, usizitupe, uziangalie kwenye mwanga wa jua, ikiwezekana kwa lenzi. Tazama meno yote mawili. Kama moja limekwisha na la pili linang'aa kama jipya, umepata ushahidi: biti haizunguki katikati. Koleti ikiwa imechoka, biti inatoka kwenye mhimili kidogo tu, tuseme milimita 0.05. Huioni kwa jicho. Lakini kumbuka ulikuwa unalipa jino 0.03. Upotofu ni mkubwa kuliko kipande chenyewe! Ukiangukia upande wa jino, jino moja linafanya kazi yote na la pili linapunga hewa. Umenunua meno mawili, unatumia moja, na hilo moja linachimba kwa kuruka, ndiyo maana ukingo unatoka na mawimbi madogo.

Koleti ifungue, isafishe ndani na nje kwa brashi laini ya shaba na kitambaa, na lile tundu la koni ndani ya spindo pia. Usitumie msasa, ukikwaruza koni hiyo umeharibu spindo. Wakati wa kurudisha, koleti inaingia kwanza kwenye nati mpaka isikike ikigonga *tik*, ndipo nati na koleti vinaenda pamoja kwenye spindo. Watu wengi wanaitumbukiza koleti kwenye spindo kisha wanaifuata na nati. Hapo inabana upande mmoja, na siku ya kutoa inagoma. Shina la biti lijaze angalau robo tatu ya urefu wa koleti, lisifike mpaka kugota chini, na ile sehemu yenye mikunjo ya meno isiingie ndani ya koleti. Halafu angalia namba. Biti nyingi zinazoingia nchini zina shina la robo inchi, ambayo ni milimita 6.35, na nyingine ni milimita 6 kamili. Hazibadilishani. Shina la 6 kwenye koleti ya robo inchi litabanwa, utadhani limeshika, kumbe limeshikwa pembeni tu. Jibu la hapo si kukaza spana kwa mguu. Jibu ni kununua koleti sahihi, na kuihesabu koleti kuwa kitu cha kuisha kama biti. Kwa kazi ya kila siku mimi nabadilisha baada ya miezi michache, nasamehe chakula cha mchana mara kadhaa na mambo yanaenda.

Je, unauziwa feki? Inawezekana, na kuna njia ya kujua. Usitumie sumaku, wengi wanadanganyika nayo, kwa sababu kobalti iliyomo kwenye kabaidi halisi inaivuta sumaku kidogo. Tumia uzito. Kabaidi ina uzito wa karibu mara mbili ya chuma kwa ukubwa uleule. Chukua biti yako na kekee ya chuma ya ukubwa unaolingana, zishike moja kila mkono. Kama unataka uhakika nenda kwa sonara akupimie kwenye mizani yake. Njia ya pili ni tupa: ikiteleza kwenye shina bila kuacha alama, inaelekea ni kabaidi. Ikikwaruza, shina ni chuma, na hapo angalia kama meno yamebandikwa kabaidi au ni chuma kitupu. Chuma kitupu kwenye MDF hakifiki jioni.

Lakini hata ukigundua ni kabaidi ya daraja la chini, nakushauri usipande bei leo. Biti ghali kwenye koleti mbovu na mwendo wa kusugua itakufa vilevile, ila itakuuma zaidi. Zile zenye ncha za almasi zinadumu mara nyingi zaidi ya kabaidi kwenye MDF, ni kweli, na karakana inayokata bodi kutwa kucha zinailipa. Zinavunjika kirahisi zikigonga skrubu au zikitikiswa, kwa hiyo kwa hali ya mashine yako sasa ni kama kumvalisha suti mtu anayekwenda kulima.

Manyoya yaliyobaki juu ni jambo jingine, na hapo aina ya biti ndiyo yenye neno. Biti ya kawaida iliyojisokota inavuta chenga kuelekea juu. Ni nzuri kwa kutoa uchafu na inabaki baridi, lakini inainua nyuzi za juu. Ile inayosokota kinyume inasukuma chini. Uso wa juu unatoka kama umekatwa kwa wembe, ila chenga zinashindiliwa kwenye mfereji, zinapata moto, na upande wa chini ndio unaochanika. Ya tatu imechanganya: ncha ya chini inavuta juu, sehemu ya juu inasukuma chini, hivyo nyuso zote mbili zinabanwa kuelekea katikati. Kwa bodi zenye ngozi ya melamini pande zote mbili hiyo ndiyo ya kununua. Ina sharti moja ambalo wauzaji hawalisemi: kina cha kwanza lazima kipite ile sehemu inayovuta juu, la sivyo umelipia bure. Kwa bodi yako ya 18, kata kwa awamu mbili za milimita 9 au zaidi kidogo badala ya tatu za 6, baada ya kusoma kwenye biti yenyewe sehemu hiyo ina urefu gani. Faida nyingine ya kina kirefu ni kwamba uchakavu unasambaa kwenye urefu wa jino. Anayekata kwa milimita tatutatu anamaliza ncha ya chini tu, anatupa biti ambayo nusu yake ya juu haijawahi kugusa bodi.

Na mwelekeo. Kwenye ruta ya mkono tulifundishwa kusukuma dhidi ya mzunguko wa biti, kwa sababu ukifuata mzunguko inakurukia mikononi. Woga huo ni wa haki kwa mkono, CNC haihusiki nao sana. Kwenye MDF, ukizunguka nje ya mlango kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, ukingo wa mlango unatoka safi zaidi na manyoya yanabaki upande wa takataka. Mimi nafanya hivi: naikata kwanza nikiacha nusu milimita kuzunguka, kisha awamu ya mwisho inapita kina chote mara moja kwa kufuata saa. Awamu hiyo moja ndiyo ilinistaafisha kwenye msasa.

Hayo yote yanadai bodi isitikisike. Kipande kidogo kinapokaribia kuachana na bodi kinaanza kucheza, na kikicheza jino linakipiga badala ya kukikata. Kiachie vishikizo vitatu vinne, yaani sehemu ndogo zisizokatwa, au acha ngozi ya nusu milimita chini uje uimalize mwisho. Ule ubao wa kafara unaolala chini ya bodi urande kwa mashine yenyewe ukishajaa mifereji. Kama unatumia pampu ya kunyonya badala ya jiriwa, kuna jambo la kwetu huku mlimani: kinachoibana bodi si pampu, ni uzito wa hewa iliyo juu yake. Hapa Arusha, kwenye mita kama 1400 juu ya bahari, hewa hiyo ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar. Nyie wa Moshi mko chini yetu, mna nafuu kidogo. Namba alizokupa muuzaji wa pampu ni za usawa wa bahari.

Mninga ni mbao ya heshima, haina ugomvi na biti. Mpe jino milimita 0.08 hivi, mizunguko 16000 mpaka 18000, kina cha milimita 3 au 4, na uwe mwangalifu kwenye nyuzi zinazogeuka. Shida ya mninga unaouzwa kwetu mara nyingi ni ubichi. Mbao yenye maji haikatiki, inanyofoka, na itakuachia manyoya hata kwa biti iliyofunguliwa asubuhi hiyo. Nunua kipima unyevu. Mimi siweki mbao kwenye mashine ikiwa juu ya asilimia 14. Siku ukiletewa mvule kuwa macho zaidi, kwa sababu ndani yake huwa na mawe ya chokaa, mawe kabisa, na jino la kabaidi likikutana nalo linamegeka papo hapo. Mtiki nao una mchanga wa silika ndani ya nyuzi, unakula makali polepole. Kazi hizo zitoze kwa kuhesabu biti.

Mafuta usinyunyizie. MDF itayanywa, na rangi ya mteja haitashika. Kinachopoza biti ya mbao ni chenga zinazotoka na hewa, kwa hiyo weka pesa kwenye mfumo wa kunyonya vumbi. Vumbi likibaki kwenye mfereji jino linalikata upya na upya. Tena vumbi hilo usilivute kifuani: vumbi la mbao limewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na barakoa ya kitambaa haitoshi. Na kwa kuwa umesema kunanuka kuungua, usiiache mashine peke yake ukaenda kununua chai. Cheche moja ikinyonywa kwenye mfuko wa vumbi itakaa humo inafuka taratibu, itawaka ukiwa umelala.

Biti iliyojaa utando wa kahawia siyo lazima imekufa. Iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni na magadi kwa dakika kadhaa, isugue kwa mswaki wa zamani, ikaushe. Utafufua chache. Kunoa biti ya milimita 6 sikushauri, ukishainoa inakuwa nyembamba na vipimo vyote vinahama. Noa zile za milimita 12 kwenda juu na za kuchonga herufi, kisha pima upya na uandike kipenyo kipya kwenye programu.

Yapo mambo ambayo hayaondoki kwa kusoma, itabidi mtu aje. Ukiweka koleti mpya na biti mpya bado ikayumba, tafuta mtu mwenye saa ya kupimia, ile ya mshale inayosoma mia za milimita, apime ndani ya koni ya spindo ikiwa tupu. Kama koni yenyewe inayumba, au spindo inavuma kama nyuki ikizunguka bila kukata, beringi zimekwisha, na beringi hizo hazibadilishwi kwa nyundo chini ya mwembe. Kwenu Moshi kuna VETA na chuo cha viwanda vya misitu. Huku Arusha kuna TEMDO, shirika la umma la kubuni mitambo, na Chuo cha Ufundi. Anzia kuuliza huko kabla hujafungua kitu.

La pili ni umeme. Umeme ukishuka ghafla bila kukatika kabisa, inveta inaweza kujizima na spindo ikasimama huku mashine ikiendelea kusogea, na biti inavunjwa kama kijiti. Ikiwa umewahi kupata biti iliyovunjika katikati bila sababu, huenda siku hiyo taa zilipepesa. Dawa ni waya mdogo kutoka kwenye relei ya hitilafu ya inveta kwenda kwenye kitufe cha dharura, ili moja ikisimama yote yasimame. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, na akija mwambie aangalie na waya wa ardhi, maana mashine ya chuma iliyopozwa kwa maji bila ardhi haina utani.

Anza na koleti, kisha ile mistari mitano. Usibadilishe vyote siku moja, hutajua kipi kimekuponya. Na zile biti tatu nne zilizokufa zipige picha meno yote mawili kwenye jua, unitumie.